Seramu ya Vinyweleo: Kinachowezekana, Kisichowezekana na Namna ya Kukipima

Kati ya bidhaa za urembo zilizojaa katika maduka ya Kariakoo, Mombasa na Nairobi katika miaka ya karibuni, ni chache zinazobeba ahadi nyingi katika chupa ndogo kama seramu ya uso, yaani kimiminika chepesi chenye kiambato tendaji kilichokolezwa, ambacho hupakwa kwa matone machache baada ya kunawa na kabla ya losheni. Chupa ya mililita 30 hunadiwa kuwa itapunguza mafuta, itafuta madoa, itang'arisha ngozi na, zaidi ya yote, itafunga vinyweleo vilivyopanuka, yale matundu madogo yanayoonekana puani, mashavuni na kwenye paji la uso. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayochunguzwa katika makala haya, na hoja inayotetewa ni kwamba kinyweleo hakifungwi na kitu chochote cha kupaka, ingawa mwonekano wake unaweza kupungua kwa kiasi. Na kwa kuwa kiasi hicho ni kidogo, mnunuzi asiye na njia ya kupima hawezi kutenganisha kazi ya seramu na kazi ya majira ya mwaka, ya mwanga wa chumbani au ya matumaini yake mwenyewe.

Kinyweleo na kinachokipanua

Kinyweleo kinachoonekana kwa macho ni mdomo wa kifuko cha unywele, yaani mfereji mwembamba unaoteremka ndani ya ngozi, ambao kando yake imejishikiza tezi ya mafuta. Tezi hiyo hutengeneza sebamu, mchanganyiko wa mafuta, nta na kemikali iitwayo skwalini, ambao hupanda kupitia mfereji huo na kutandaa juu ya ngozi ili kuilainisha. Vitundu vya jasho ni vingine kabisa, navyo ni vidogo mno kuonekana bila kifaa cha kukuzia, hata kama katika mazungumzo ya kila siku vyote huitwa kwa jina moja. Idadi ya tezi za mafuta usoni hukadiriwa kuwa kati ya 400 na 900 katika kila sentimita moja ya mraba, ilhali viganja na nyayo hazina hata moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini malalamiko kuhusu vinyweleo huwa ya uso na hayawi ya mkono.

Wataalamu wa ngozi hutaja sababu kuu tatu za kinyweleo kuonekana kikubwa. Ya kwanza ni wingi wa sebamu, ambao huongozwa kwa sehemu kubwa na homoni za kundi la androjeni na ambao huanza kupanda mtu anapobalehe. Ya pili ni kulegea kwa kolajeni na elastini, nyuzi za protini zinazoizunguka midomo ya vifuko na kuishikilia, ambazo huchakaa kwa umri na zaidi kwa mionzi ya jua, hata kinyweleo kilichokuwa duara kikaanza kurefuka na kuinama kuelekea chini. Ya tatu ni ukubwa wa kifuko chenyewe, ambao mtu huurithi kwa wazazi wake na ambao hauna dawa ya kupaka. Kwa baadhi ya watu huongezeka makovu ya chunusi, ambayo huacha mashimo yanayofanana na vinyweleo lakini ambayo kwa hakika ni upungufu wa nyama ya ngozi, na hivyo huhitaji tiba ya hospitali.

Kutokana na maumbile hayo, mazoea mawili yaliyoenea yanapoteza msingi wake. Kinyweleo hakina msuli wa kukifungua na kukifunga. Msuli mdogo unaosimamisha malaika mtu anapopigwa na baridi umejishika chini, ubavuni mwa kifuko, na kazi yake haifiki mdomoni. Kwa sababu hiyo, kujifukiza mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda bila kupanua tundu, na barafu husababisha ngozi ijikaze kwa dakika chache bila kupunguza chochote. Zoea la kukamua vidoa vya kijivu vya puani nalo halina faida ya kudumu, kwa kuwa vingi vya vidoa hivyo ni nyuzi za kawaida za sebamu iliyochanganyika na seli zilizokufa, ambazo hujaa tena baada ya muda mfupi. Hizo hutofautiana na chunusi nyeusi, yaani kifuko kilichoziba na kubaki wazi juu, ambacho weusi wake hutokana na melanini, rangi ya asili ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyooksidika kwa hewa, na haumaanishi kwamba mwenye uso huo ni mchafu.

Viambato na ushahidi wake

Kiambato kinachotajwa mara nyingi katika seramu za aina hii ni niasinamidi, aina mojawapo ya vitamini B3, ambayo umaarufu wake sokoni uliongezeka baada ya mwaka 2016, kampuni ya Deciem ya mjini Toronto ilipoanzisha chapa ya The Ordinary na kuuza kwa bei nafuu seramu yenye niasinamidi asilimia 10 na chumvi ya zinki asilimia 1. Ushahidi unaotajwa sana kuhusu niasinamidi na mafuta ya uso ulichapishwa mwaka 2006 na Zoe Draelos, daktari wa ngozi wa Marekani, pamoja na wenzake, walioijaribu katika kiwango cha asilimia 2 kwa Wajapani 100 kwa muda wa wiki 4, na kwa watu weupe 30 kwa wiki 6. Kwa Wajapani, kasi ya ngozi kutoa sebamu ilishuka ikilinganishwa na waliopewa krimu isiyo na kiambato hicho. Kwa watu weupe, mafuta yaliyokutwa juu ya ngozi yalipungua, ila kasi ya kuyatoa haikuonyesha badiliko la kuaminika kitakwimu. Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuzingatia mambo mawili katika matokeo hayo: kwamba kiwango kilichojaribiwa kilikuwa sehemu moja ya tano ya kile kinachouzwa leo, na kwamba kilichopimwa kilikuwa mafuta, ambayo ni sababu moja tu kati ya zile tatu.

Kiambato cha pili ni asidi ya salisili, ambayo huyeyuka katika mafuta na hivyo huweza kupenya ndani ya kifuko na kulegeza gundi inayoshikanisha seli zilizokufa, tofauti na asidi ya glaikoli, inayopatikana katika miwa, ambayo huyeyuka katika maji na kufanya kazi zaidi juu ya ngozi. Bidhaa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari nchini Marekani huruhusiwa kuwa na asidi ya salisili ya kati ya asilimia 0.5 na 2. Kinyweleo kilichoondolewa uchafu wa ndani huonekana kidogo zaidi kwa kuwa hakina tena kitu cheusi cha kuvuta jicho, lakini upana wa mdomo wake hubaki ule ule, na mtu akiacha kutumia asidi hiyo hali hurudi ilivyokuwa.

Kundi la tatu, lenye ushahidi mzito zaidi kuhusu nyuzi zinazoshikilia vinyweleo, ni retinoidi, yaani kemikali za jamii ya vitamini A. Tretinoini, iliyo na nguvu na inayohitaji cheti cha daktari, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya chunusi mwaka 1971, na mwaka 1986 Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania pamoja na wenzake walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa huboresha ngozi iliyochakazwa na jua, ikiwa ni pamoja na kuchochea kolajeni mpya. Retinoli ya madukani ni ndugu yake dhaifu, ambayo ngozi hulazimika kuibadilisha kwanza kabla ya kuitumia. Historia ya elimu hiyo ina upande wa giza unaowagusa watu weusi moja kwa moja, kwa sababu Kligman alifanya majaribio mengi ya dawa na vipodozi kati ya mwaka 1951 na 1974 kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao wakiwa weusi, bila kuwaeleza ipasavyo walichokuwa wakipakwa. Kitivo cha tiba cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia likafuata mwaka 2022. Ni jambo la kutafakarisha kwamba ngozi nyeusi, iliyotumiwa bila ridhaa katika hatua za mwanzo za utafiti, imekuwa haba katika majaribio ya hiari yaliyofuata.

Zaidi ya makundi hayo, seramu nyingi zinazodai matokeo ya papo hapo hutegemea silikoni kama dimethikoni, ambayo hujaza mabonde ya ngozi na kutawanya mwanga ili uso uonekane laini. Kazi hiyo ni ya kweli, na kwa anayejiandaa kwa harusi inaweza kutosha, ila huondoka na maji ya kunawia. Uangalifu wa maneno kwenye vifungashio hutokana na sheria: sheria ya Marekani ya mwaka 1938 huhesabu kuwa dawa kitu chochote kinachokusudiwa kubadilisha umbo au kazi ya mwili, na ndiyo sababu watengenezaji hupendelea kuandika kwamba bidhaa hupunguza mwonekano wa vinyweleo, wakiepuka kuandika kwamba hupunguza vinyweleo.

Majira ya mwaka na jaribio la nusu uso

Ugumu wa kujaribu seramu nyumbani haupo katika kuipaka. Upo katika kujua badiliko lililoonekana limeletwa na nini. Mwaka 1970 watafiti wa Uingereza Cunliffe, Burton na Shuster walionyesha kwamba joto la ngozi ya paji la uso likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kasi ya kutoa sebamu hupanda kwa takriban asilimia 10. Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa mkazi wa pwani, kwa kuwa anayeanza kupaka seramu mwezi Machi, mwishoni mwa joto la kaskazi, na kujitazama tena mwezi Julai, wakati wa kipupwe, anaweza kukuta uso mkavu zaidi na kuisifu chupa kwa kazi iliyofanywa na majira. Anayeanza Julai na kutathmini Januari naye anaweza kuitupa seramu iliyokuwa ikimsaidia. Kwa wanawake huongezeka mzunguko wa hedhi, ambao hubadilisha hali ya chunusi na mafuta ya uso, hivi kwamba wiki moja haiwezi kulinganishwa na wiki nyingine kiholela.

Watafiti hukabili tatizo hilo kwa kulinganisha pande mbili za uso mmoja, na njia hiyo haihitaji maabara. Seramu hupakwa upande mmoja tu, huku sabuni, losheni na kinga ya jua vikibaki vilevile pande zote mbili, ili joto, chakula, homoni na usingizi viathiri pande hizo kwa usawa na kilichobaki kihesabiwe kuwa ni kazi ya seramu. Kabla ya hapo, kiasi kidogo hupakwa nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa, ili kubaini kama ngozi itawasha au kuvimba. Picha hupigwa mahali pamoja, kwa saa ileile na umbali uleule, uso ukiwa umenawa na kukauka, ikikumbukwa kwamba simu nyingi hulainisha nyuso zenyewe na kwamba mpangilio huo usipozimwa picha hupoteza thamani yote ya ushahidi. Ni vizuri pia mtu mwingine, asiyejua ni upande upi uliopakwa, aombwe kuzitazama picha na kusema anachokiona, kwa sababu aliyetumia fedha yake huona anachotaka kukiona.

Muda nao una kanuni yake. Tabaka la juu la ngozi ya mtu mzima hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja au zaidi, na kolajeni hujengeka polepole kuliko hapo, kwa hiyo hukumu ya haki juu ya niasinamidi au asidi ya salisili haiwezi kutolewa kabla ya wiki 8, na juu ya retinoli kabla ya wiki 12. Anayebadilisha seramu kila baada ya wiki mbili hujifunza tu namna bidhaa zinavyoteleza na kunukia, na anayeanza tatu kwa mpigo hatajua ni ipi ya kushukuriwa wala ni ipi ya kulaumiwa.

Ngozi nyeusi na gharama ya muwasho

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, jaribio hili lina hatari ambayo maelezo ya chupa mara nyingi hayaitaji. Seli zinazotengeneza melanini huitikia muwasho kwa kumwaga rangi zaidi, na matokeo yake ni madoa meusi yanayobaki miezi kadhaa baada ya muwasho wenyewe kupona. Asidi kali, retinoli inayopakwa kila siku tangu mwanzo, au kusugua uso kwa nguvu kunaweza kumwachia mtu madoa yanayoonekana kutoka mbali zaidi kuliko kinyweleo chochote alichokuwa akikilalamikia. Busara inaelekeza kuanza na kiwango cha chini, usiku mbili au tatu kwa wiki, na kusitisha mara ngozi inapochoma au kubanduka. Wajawazito hushauriwa kuepuka retinoidi kabisa.

Mapokeo ya urembo wa pwani yanafaa kutazamwa kwa kipimo hichohicho. Liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri unaosagwa kwa maji juu ya jiwe la msio, huacha uso ukiwa baridi na uliokazika unapokauka, na hufyonza mafuta ya juu kwa muda, lakini mkazo huo huisha ukinawiwa. Singo ya maharusi husugua seli zilizokufa, nayo inafaa zaidi mwilini kuliko kwenye uso wenye chunusi. Mafuta mazito ya nywele yanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mwaka 1970 Plewig, Fulton na Kligman walieleza aina ya chunusi za paji la uso iliyowapata Wamarekani weusi waliopaka nywele mafuta mazito, ambayo huteremka na kuziba vifuko. Mwenye vinyweleo vilivyoziba kwenye ukingo wa nywele anaweza kunufaika zaidi kwa kubadilisha mafuta ya kichwani kuliko kwa kununua seramu ya usoni.

Kinga ya jua ndiyo sehemu ya jaribio inayoachwa mara nyingi, pengine kwa dhana kwamba ngozi nyeusi haiihitaji. Melanini hupunguza sana uwezekano wa kuungua, ila haizuii kabisa uharibifu wa kolajeni, na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huweza kukoleza madoa katika ngozi nyeusi, ndiyo maana losheni zenye rangi ya oksidi ya chuma hupendekezwa kwa wenye tatizo hilo, nazo pia haziachi weupe usoni. Ujuzi wa kutengeneza kinga ya jua upo Afrika Mashariki: katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kimekuwa makao ya utengenezaji wa losheni ya Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Hatari kubwa kuliko zote ni seramu ambayo kwa hakika ni mkorogo uliobadilishwa chupa. Haidrokwinoni, kemikali ya kuondoa rangi, ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kusababisha okronosisi, weusi wa kibuluu usiofutika kwa urahisi, ambao daktari Findlay na wenzake waliueleza Afrika Kusini mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia krimu zenye kemikali hiyo. Zebaki huharibu figo, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mjini Geneva mwaka 2023 kuiondoa katika vipodozi vyote. Steroidi kali hufanya ngozi ing'ae kwa wiki za mwanzo, kisha huifanya kuwa nyembamba, ikatoa chunusi na kuonyesha mishipa ya damu. Seramu inayong'arisha uso mzima kwa siku chache, bila kutaja kinachofanya kazi hiyo, inastahili kushukiwa kwa sababu hiyohiyo inayoifanya ipendwe.

Lebo na mfuko wa mnunuzi

Lebo yenye orodha kamili ya viambato humsaidia anayejua kuisoma, kwa kuwa kanuni za kimataifa hutaka viambato vipangwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Niasinamidi inayotajwa mwishoni, baada ya manukato na vihifadhi, haiwezi kutarajiwa kufanya mengi. Alama ya kikopo kilichofunuliwa, yenye maandishi kama 6M au 12M, huonyesha miezi ambayo bidhaa hudumu baada ya kufunguliwa. Seramu za vitamini C huoksidika kwa joto na kubadilika kuwa kahawia, retinoli nayo huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa ya kioo cheupe iliyokaa juani kwenye kibanda inaweza kuwa imekwisha nguvu kabla ya kununuliwa. Niasinamidi huvumilia zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuifaa hali ya hewa ya pwani. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na nchini Kenya viwango husimamiwa na KEBS. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe wala namba ya toleo haimpi mnunuzi wala msimamizi pa kuanzia inapoleta madhara.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya fedha unaotokana na ushahidi huu unatofautiana na ule unaopendekezwa na matangazo. Kwanza huja sabuni laini isiyokausha uso na kinga ya jua ya kila siku, kwa kuwa vitu hivyo viwili hugusa mafuta na kolajeni kwa pamoja. Kisha kiambato kimoja kinacholingana na sababu iliyopo, niasinamidi au asidi ya salisili kwa uso wenye mafuta mengi, retinoli kwa uso ulioanza kulegea. Na mwisho jaribio la nusu uso la wiki 8 hadi 12. Pande mbili zikifanana baada ya muda huo, chupa ya pili haina sababu ya kununuliwa, hata kama ya kwanza ilisifiwa na kila mtu. Chunusi zenye usaha, makovu ya mashimo na madoa yanayosambaa ni kazi ya daktari wa ngozi. Na pale vinyweleo vinapoonekana tu kwenye kioo cha kukuzia, bila kuziba, bila kuuma na bila kubadilika tangu ujana, uamuzi wa kutonunua chochote ni matokeo halali ya uchunguzi, yenye uzito sawa na uamuzi wa kununua.